Sura ya Sita: Mkono wa Migori, Maji ya Homa Bay

Roy Allela, mhandisi kijana wa Kenya, alibuni glavu zinazogeuza lugha ya ishara kuwa sauti, akaziita Sign-IO. Kila kidole cha glavu kina kihisi kinachopima kidole kimejikunja kiasi gani. Vipimo husafiri kwa Bluetooth hadi kwenye simu ya Android, na programu iliyomo simuni hutamka neno. Kazi hiyo ilitokana na haja ya nyumbani, kwa kuwa mpwa wake alizaliwa kiziwi na jamaa wengi hawakujua lugha ya ishara. Mwaka 2017 ilipata tuzo jijini New York katika fainali za chama cha wahandisi mitambo wa Marekani. Mwaka 2019 ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwangu mimi, kilichozidi tuzo zote hizo ni majaribio yaliyofanyika katika shule moja ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, huko mashambani Migori. Jambo kubwa walilofundisha watumiaji wa glavu lilihusu mwendo. Wapo watu wanaoongea kwa kasi na wapo wanaoongea taratibu. Wanaotumia ishara wako vivyo hivyo. Allela akaingiza kwenye programu uwezo wa kurekebisha kasi ya kugeuza ishara kuwa sauti, ili kila mtu aitumie kwa mwendo wake.

Mtu anayeunganisha bodi ndogo na kompyuta kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali hilohilo la mwendo, ila mara nyingi hulijibu vibaya. Akiona namba zinachelewa kufika kwenye skripti yake, hukimbilia kuongeza kasi ya waya. Nashikilia kwamba kasi ya waya ni jambo la kuamuliwa baadaye. La kwanza ni kujua nani anangoja upande wa pili, na kipimo kipi kinaweza kutupwa bila hasara. Migori na Homa Bay ni kaunti jirani, lakini kwa swali hili zinatupa majibu yanayopingana, na ndiyo maana nimeziweka katika sura moja.

Tuanze na glavu. Unaweza kujitengenezea ya mazoezi kwa bodi ya Arduino Uno, vihisi vitano vya kujikunja, rezista tano na kebo ya USB. Haitafikia Sign-IO, lakini inatosha kujifunzia. Kidole kinapojikunja, upinzani wa umeme katika kihisi hubadilika; Uno husoma volti na kuigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Bodi hutuma namba tano katika mstari mmoja, zikitenganishwa kwa mkato: 512,498,730,611,402. Kwenye kompyuta kuna skripti ya Python inayotumia maktaba ya pyserial kusoma mstari huo.

Mstari una herufi 19. Amri ya println huongeza mbili za kufunga mstari, kwa hiyo baiti 21 husafiri. Ndani ya waya kila baiti yenye biti 8 hutanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufuatwa na moja ya kumalizia, jumla 10. Biti hizo mbili za pembeni tumezirithi kutoka kwa mashine za telegrafu, na kipimo chenyewe cha kasi, baud, kinamkumbuka Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa aliyepata hataza ya mfumo wake mwaka 1874. Zinahitajika kwa sababu baina ya bodi na chipu inayoipokea hakuna waya wa saa. Kila upande una saa yake, na biti ya kuanzia humwambia mpokeaji: anza kuhesabu sasa. Bodi ikihesabu kwa 115200 na skripti kwa 9600, utapata takataka zisizosomeka, hata kama waya ni mzima kabisa.

Kwa kasi ya 9600, baiti 960 hupita kila sekunde. Gawanya kwa 21: mistari 45. Kwa kasi ya 115200, ni mistari 548. Mabadiliko hayo hayana gharama, kwani unabadilisha namba moja kwenye bodi na namba hiyohiyo kwenye skripti, na sioni sababu ya mradi mpya kubaki kwenye 9600 eti kwa kuwa mifano ya vitabuni imeandikwa hivyo. Fahamu tu kwamba saa ya Uno ya megahezi 16 haigawanyiki sawasawa kwa 115200. Bodi hutoa takriban 117647, tofauti ya asilimia 2 hivi, ambayo kwa kawaida huvumilika. Kasi ya 250000 hugawanyika kamili. Ukikutana na herufi mojamoja zilizoharibika kwenye 115200, jaribu hiyo kabla ya kulaumu kebo.

Sasa tazama jinsi kasi inavyoweza kukudanganya. Tuseme skripti yako inachora vidole vitano kwenye skrini, na kila mchoro unachukua sehemu ya kumi ya sekunde. Kila mzunguko inasoma mstari mmoja, inachora, inarudi. Bodi inatuma mistari 45 kwa sekunde, skripti inasoma 10. Mistari 35 iliyobaki haipotei, bali inajipanga foleni katika kumbukumbu ya kompyuta. Baada ya sekunde 5 bodi imetuma mistari 225 na skripti imesoma 50. Mstari wa 50 uliondoka kwenye bodi katika sekunde ya kwanza na ushei, kwa hiyo mkono unaouona kwenye skrini ni wa karibu sekunde 4 zilizopita. Mwenye glavu ameshafungua ngumi, ameshaanza ishara nyingine, na skrini bado inaonyesha ngumi. Kwenye Windows, pyserial huomba bafa ya baiti 4,096, nayo inakaribia kujaa wakati huo. Ikijaa, mistari huanza kukatika katikati. Ukipandisha kasi hadi 115200 bila kugusa skripti, unafikia hali hiyo mapema zaidi.

Kwa hiyo tiba iko kwenye usomaji. Skripti isome kila kilichofika, itafute mstari wa mwisho uliokamilika, ichore huo, iache iliyotangulia. Kipande cha mwisho ambacho hakijafungwa kisitupwe. Kihifadhiwe kiunganishwe na kitakachofika baadaye. Wengi huteleza hapo, maana hudhani kila usomaji huleta mstari mzima. Mawasiliano haya hayajui mistari. Yanajua baiti tu, na mpaka wa ujumbe ni makubaliano yako wewe.

Lakini je, mistari iliyoachwa haina thamani? Kwa mchoro, haina. Kwa ishara, inayo. Umbo la mkono la herufi moja ya alfabeti laweza kusomwa katika mstari mmoja, ilhali neno katika Lugha ya Ishara ya Kenya mara nyingi ni mwendo: mkono unatoka hapa unafika pale, huku uso na mabega vikiongeza maana ambayo glavu haiioni kabisa. Lugha hiyo inatambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Anayeitengenezea kifaa anapaswa kuiheshimu kama lugha kamili. Kwa hiyo gawanya kazi ndani ya skripti. Uzi mmoja wa programu usiwe na shughuli nyingine ila kusoma poti na kuweka mistari kwenye foleni. Sehemu inayotambua ishara ichukue mistari yote kwa mpangilio. Sehemu inayochora ichukue wa mwisho tu, mara 10 kwa sekunde, ikitaka.

Kwenye bodi nako, acha kutumia delay. Amri hiyo huisimamisha programu kuu isifanye lolote lingine hadi muda uishe. Tumia millis, uangalie saa kila mzunguko, na utume mstari kila baada ya milisekunde 20. Hapo, kwa kasi ya 115200, una mistari 50 kwa sekunde yenye nafasi sawa, na kazi ya kutambua mwendo inakuwa rahisi kuliko kuwa na mistari 500 inayokuja kwa mafuriko na ukame.

Kuna ucheleweshaji mwingine usioonekana kwenye msimbo wako hata kidogo. Kati ya bodi na kompyuta kuna chipu inayogeuza mawasiliano haya kuwa USB, na USB haibebi baiti mojamoja. Chipu hukusanya kwanza, kama matatu ya Migori inayosubiri kujaza abiria ndipo iondoke stendi. Kwenye chipu nyingi za FTDI, zisipojaa, hungoja milisekunde 16 ndipo ziondoke na kilichopo. Kwa anayetuma amri fupi na kungoja jibu fupi, kila mazungumzo hubeba mzigo huo, hata kasi ya baud iwe kubwa namna gani. Kwenye Windows na Linux unaweza kupunguza muda huo hadi milisekunde 1. Arduino Uno R3 halisi hutumia chipu nyingine, ATmega16U2, na bodi za bei nafuu zilizojaa madukani hutumia CH340, kwa hiyo tazama kilichoandikwa juu ya chipu kabla ya kutafuta mpangilio ambao huenda haupo.

Mkosaji wa kawaida zaidi, kwa maoni yangu, ni readString. Mtu hutuma herufi moja kutoka kwenye skripti ili taa iwake, na taa inawaka baada ya sekunde nzima. Anaongeza baud, na sekunde inabaki palepale. Sababu ni kwamba readString haijui ujumbe umeishia wapi, hivyo hungoja hadi milisekunde 1000 zipite bila baiti mpya. Funga kila amri kwa alama ya mstari mpya, bodi ikusanye herufi mpaka ione alama hiyo, na jibu litakuja papo hapo.

Na kabla hatujaondoka kwenye Uno: skripti inapofungua poti, bodi huanza upya. Ishara ya DTR huivuta hadi kwenye programu ndogo ya kuwashia, ambayo hungoja kwa muda kuona kama unataka kupakia msimbo mpya. Amri uliyotuma wakati huo hupotea bila kelele. Vitabu vingi husema ulaze skripti kwa sekunde 2. Napendelea bodi yenyewe iseme neno TAYARI ikiamka, na skripti isitume chochote mpaka ilisikie. Sekunde 2 ni kukisia. TAYARI ni habari.

Tukivuka mpaka wa kaunti kwenda Homa Bay, mambo yanageuka. Katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kuanzia Mbita na Rusinga, ufugaji wa ngege katika vizimba umekuwa kazi ya watu wengi. Ghuba ni ya kina kifupi na ina mwani mwingi. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huitumia pamoja na samaki, kwa hiyo oksijeni iliyoyeyuka majini hufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Ngege ni mvumilivu, lakini oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita hula kidogo na kudhoofika, na ikiendelea kushuka hufa. Samaki wa kizimbani hawezi kuhama kwenda kwenye maji mazuri.

Bodi ya kupima maji haya haina haraka. Kihisi cha joto cha DS18B20 chenyewe huhitaji milisekunde 750 kutoa kipimo chake cha usahihi wa juu. Mstari mmoja kwa dakika unatosha, na kasi ya 9600 inazidi mahitaji. Ila hapa hakuna mstari unaoruhusiwa kutupwa, na hakuna namba inayoruhusiwa kubadilika njiani. Ile kanuni ya kusoma mstari wa mwisho na kuacha mingine, iliyotuokoa kwenye glavu, hapa ingefuta saa 11 alfajiri, saa yenyewe tunayoitafuta.

Fikiria kipimo cha oksijeni kinachosema 2.1. Tarakimu 2 husafiri kama biti 00110010, na tarakimu 6 kama 00110110. Zinatofautiana kwa biti moja tu. Mota ya pampu ikiwaka karibu na waya mrefu na kugeuza biti hiyo moja, skripti itapokea 6.1. Namba hiyo ni nzuri na ya kawaida, na hakuna atakayeitilia shaka. Kosa linaloleta 9999 hujitangaza lenyewe. Linaloleta 6.1 mahali pa 2.1 humlaza mfugaji usingizi wakati samaki wanahema juu ya maji.

Kinga yake ni kuambatisha alama ya ukaguzi. Njia rahisi ni ya XOR: chukua baiti ya kwanza, ilinganishe biti kwa biti na ya pili, zinazofanana zitoe 0 na zinazotofautiana zitoe 1, matokeo yalinganishe na ya tatu, uendelee hadi mwisho. Tokeo la mwisho liandike mwishoni mwa mstari. Skripti inarudia hesabu ileile, na isipopata jibu lilelile, inaukataa mstari. Vipokezi vya GPS vinavyotoa mistari ya NMEA hufanya hivyo: mstari huanza kwa alama ya dola, na baada ya nyota hufuata tarakimu mbili za ukaguzi. XOR hudanganyika makosa mawili yakiangukia biti ya nafasi ileile katika baiti mbili, kwa sababu hufutana. Kwa waya mrefu au wenye kelele, tumia CRC ya biti 16, ambayo ndiyo hutumiwa na itifaki ya Modbus iliyoanza mwaka 1979, na vihisi vingi vya viwandani vya kupima maji huzungumza hiyo.

Kuhusu waya wenyewe, kebo ya USB isizidi mita 5. Kutoka kizimbani hadi nchi kavu ni mbali zaidi, na kuunganisha kebo za USB mfululizo ni kujitafutia matatizo. RS-485 hutuma kila biti kwa nyaya mbili zilizosokotwa, na mpokeaji hupima tofauti kati yake. Kelele inayogusa nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja hujifuta. Kwa kasi ndogo kama yetu, umbali wa hadi mita 1,200 unawezekana. Hapo 9600 inakuwa chaguo la busara kabisa, maana biti ndefu zaidi humpa mpokeaji muda wa kutulia kabla ya kusoma.

Alama ya ukaguzi hukuambia mstari umeharibika. Haikuambii mstari haukufika kabisa. Kwa hilo, mpe kila mstari namba yake ya mfuatano. Skripti ikipokea 418 kisha 420, inajua imekosa 419, na inaweza kuiomba tena endapo bodi imeihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Bodi isifute kitu mpaka skripti ijibu kwamba namba hiyo imeandikwa kwenye faili. Muda wa kipimo nao uandikwe kwa uangalifu: millis huhesabu tangu bodi ilipowashwa, na baada ya takriban siku 49.7 hurudi sifuri. Glavu haitafika huko ikiwa imewashwa. Bodi ya kizimbani itafika.

Umeme ukikatika na kurudi, au kebo ikichomoka, pyserial hutupa kosa na skripti isiyotayarishwa hufa hapohapo. Afadhali ikamate kosa, ifunge poti, ingoje kidogo, kisha ijaribu tena bila kuchoka. Kwenye Linux kuna mtego wa ziada: bodi iliyokuwa ttyUSB0 huweza kurudi ikiwa ttyUSB1. Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/serial/by-id, ambayo hufuata kifaa. Bodi nyingi za CH340 hazina namba ya kipekee, hivyo mbili zilizochomekwa pamoja huweza kugombania jina moja. Kwa hizo tumia by-path, inayofuata tundu la USB lililotumika, na kila bodi ibaki kwenye tundu lake.

Wengine watakushauri uache maandishi na utume baiti tupu ili kubana nafasi. Kwenye glavu, vipimo vitano vya baiti mbilimbili pamoja na alama ya kuanzia, namba ya mfuatano na ukaguzi hufanya baiti 13 badala ya 21 zisizo na ukaguzi wowote. Ni nafuu ya kweli, nami ningeifikiria kwa mfumo usiotumia waya. Kwa maji ya Homa Bay ningebaki na maandishi. Anayekwenda kutengeneza mfumo ufukweni anaweza kufungua programu yoyote ya kusoma poti, aone 6.1 na 26.4, na ajue papo hapo kama tatizo liko kwenye kihisi au kwenye skripti. Baiti tupu humlazimu kubeba kifasiri.

Kabla ya kuipeleka bodi ziwani, iharibu makusudi mezani. Chomoa kebo mstari ukiwa katikati. Zima skripti kwa dakika 10 uiwashe tena. Laza kompyuta. Washa mota kando ya waya. Andika kwenye bodi msimbo unaogeuza biti moja katika kila mstari wa mia, na uhakikishe skripti inaikataa yote. Kisha iache ikae usiku kucha, na asubuhi fungua faili utazame safu ya namba za mfuatano peke yake: kila namba iwepo mara moja, na kila pengo liwe na maelezo kwenye kumbukumbu ya makosa ya skripti. Pengo lisilo na maelezo litafute mpaka ulipate, hata kama ni la mstari mmoja, kwa sababu mezani unaweza kulizalisha tena, na kizimbani huwezi.